Mpira wa Dripu

Oktoba, Lubumbashi. Mvua imeahidi, haijaja.
Mabati ya garaji yangu pale Kamalondo
yanalia ka, ka, kama mtu anayevunja vidole.
Ndipo alipoingia Mama Kapinga, muuguzi mstaafu,
na Datsun ya pua ndefu, milango miwili,
zamani nyekundu, sasa rangi ya vumbi la njia ya Likasi.

Vioo vyote chini. Kitambaa shingoni kimelowa.
"Fundi, hii mutuka iko na homa.
Banaweka gesi mara tatu,
na mara tatu banakula franga yangu."

Sikujibu. Fundi anayejibu kabla ya kugusa
ni mganga wa redioni.
Nilifungua boneti, nikawasha injini,
nikabonyeza swichi: kompresa ikaitika, tak,
mkanda haukuteleza, feni ikazunguka.
Nikashika bomba la chini. Baridi!
Linatoka jasho kama chupa ya bia
iliyotolewa sasa hivi barafuni.
Basi gesi ipo. Wale mafundi watatu
walikuwa wakimnywesha maji mtu aliyeshiba.

Lakini ndani, matundu ya dashibodi
yalipuliza hewa ya tanuri.
Kishikio kilikuwa kulia kabisa, kwenye alama nyekundu.
Nilikivuta hadi bluu, kikasaga kutu,
na hewa haikujali.
Baridi inatengenezwa, nikawaza, kisha inaibwa njiani,
na mwizi ni wa humu humu nyumbani.

Nikalala chali chini ya usukani,
miguu nje mlangoni, tochi kati ya meno.
Nyuma ya dashibodi kuna radieta ndogo
ya kupasha miguu asubuhi za Julai.
Ilikuwa inachemka.
Maji ya injini yalipita humo
kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka,
maana vali yake haikupata amri ya kufunga.
Amri yenyewe husafiri katika mpira
unaofyonza hewa kutoka injini,
mwembamba kuliko mrija wa soda.
Niliusikia kabla ya kuuona:
sss,
kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani.
Umepasuka.

Duka la vipuri hawana.
Kasumbalesa labda, baada ya wiki mbili, labda.
Mama Kapinga akafungua mkoba
(miaka tisa ya pensheni, mkoba bado wa wodi)
akatoa mpira wa dripu, ungali ndani ya karatasi yake.
"Pima huu."

Nikaukata kwa wembe, nikaupitisha mbali na moto,
nikabana ncha mbili kwa waya.
Injini ikavuta pumzi. Vali ikajifunga.
Hatukusema kitu, tuliweka viganja kwenye matundu
kama watu wanaosubiri chenji.
Vuguvugu.
Vuguvugu bado.
Halafu kucha zangu zikajua kabla yangu.

Akapandisha kioo kimoja. Akapandisha cha pili.
"Nani aliweka kishikio kwenye nyekundu?" niliuliza,
kuuliza tu, kwa ajili ya kazi.
"Kisimba. Bwana yangu.
Saa kumi ya usiku alikuwa ananipeleka zamu.
Alisema muuguzi wa vidole vya barafu
hapati mshipa wa mtoto."
Akanilipa, akahesabu mara mbili,
akaondoka vioo juu,
na watoto wa mtaa wakashangaa:
Oktoba hii, nani anajifungia ndani ya gari?

Julai alirudi.
Koti la sufu, soksi mbili mbili,
pumzi yake inaonekana.
"Fundi, ulitengeneza sana. Sasa miguu inaganda."
Nikainama, nikasikiliza. Mpira wa dripu mzima.
Ni ile vali: miaka yote ilikaa wazi,
ikafundishwa kufunga mara moja,
na sasa, mzee aliyepata imani mpya,
hataki kusikia habari ya kufungua.

Nikatafuta tochi.
Yeye akavua glavu,
akakivuta kishikio kulia, kwenye nyekundu,
akakiacha hapo.